Mtaro wa Shemeji

Shemeji yangu alishuka mjini asubuhi, akarudi jioni na beleshi. Beleshi peke yake. Hakuleta chumvi, hakuleta sabuni, hakumletea mama yake ugoro, na tangu niolewe pale sikuwahi kumwona mtu yule akitoka Arusha bila ugoro wa mama yake. Nilikuwa uani napepeta maharage. Alipopita nikamwamkia, akaitikia huku anatazama nyumba yangu. Aliitazama kuanzia kwenye bati mpaka chini kwenye msingi, akautazama uwanja, halafu akateremka kwenda kwake. Nikaweka ungo chini. Nikajiambia, huyu ana lake.

Mimi nimezaliwa na tabia hiyo na nitazikwa nayo. Mtu akinisaidia bila kuombwa, namwangalia mikono kwanza, asante baadaye. Wenzangu wa kanisani wananiambia ni dhambi, na huenda ni dhambi kweli, lakini wao hawakukaa mlimani peke yao wakati mume yuko vitani na shamba la shemeji liko chini tu ya lako. Wangekaa, tungeona.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vile vikubwa vya pili. Mume wangu alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa Meru, wakapelekwa mbali mno. Baadaye tukaambiwa ni Burma, jina ambalo tulilitaja kila siku bila mtu hata mmoja kati yetu kujua liko upande gani wa jua. Aliniacha na mama yake, ng'ombe, migomba, kahawa, na nyumba. Hiyo nyumba ndiyo iliyokuwa fahari yake. Majirani wengi bado walikuwa kwenye misonge ya majani, yeye akajenga ya pembe nne, ya fito na udongo, akaiezeka bati kwa fedha ya kahawa. Mama mkwe alikataa kulala chini ya bati. Alisema mvua ikinyesha humo ndani mtu hawezi hata kusali, akabaki kwenye msonge wake hapo hapo uani.

Ubaya wa nyumba ile ulikuwa mahali pake. Kwetu ni mteremko mtupu, na ili apate uwanja tambarare mume wangu alikata ubavu wa mlima na kusogeza udongo. Masika ya kwanza yakatuonyesha alichofanya. Maji yote ya juu yalishuka na njia ya ng'ombe, yakaingia uani, yakagonga ukuta wa nyuma, yakakaa. Bati nalo likamwaga yake pale pale mguuni mwa ukuta. Siku ya kuondoka aliniambia mtaro atauchimba akirudi. Nikamwambia, wewe rudi tu, nyumba utaikuta imesimama. Hilo lilikuwa neno letu la mwisho la maana. Mengine yalikuwa ya blanketi na soksi.

Sasa nieleze kwa nini nyumba ile ilikuwa roho yangu. Sikuwa na mtoto. Mwanamke mwenye mtoto wa kiume, hata nyumba ikianguka, mtoto ndiye nguzo. Mimi nguzo yangu ilikuwa ule ukuta. Ukianguka mume hayupo, wazee wa ukoo wangekaa, wangekohoa, wangesema mke wa askari asiwe analala nje, ahamie kwa shemeji yake, na shamba shemeji aliangalie. Neno hilo kuangalia nilikuwa nalijua vizuri. Shangazi yangu shamba lake liliangaliwa hivyo hivyo, mpaka leo linaangaliwa na wajukuu wa mwangalizi.

Kwa hiyo masika yaliyofuata nilichukua jembe nikachimba mwenyewe. Na hapa nilifanya kosa ambalo nadhani mtu wa nyikani, asiyejua mifereji, asingelifanya. Sisi wa mlimani tunajua mifereji. Maji yanachukuliwa mtoni huko juu karibu na msitu, yanatembezwa ubavuni mwa mlima kupita kwa huyu na kwa yule, mpaka yafike shambani, na sifa ya mfereji mzuri ni kwamba maji hayakimbii. Yanatembea. Mfereji ukiteremka sana unakula udongo, na wazee wanamcheka aliyeuchimba. Kazi ile ilikuwa ya wanaume. Sisi wanawake tulichota tu. Lakini macho hayakatazwi, na mimi nilikuwa nimeangalia sana. Nikachimba nyuma ya nyumba yangu mtaro mzuri, wa kupinda taratibu, usioteremka ovyo, nikaupeleka kwa ubavu kuelekea korongoni. Nilijivunia kazi ile, nasema kweli.

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia mtaroni kwa adabu, yakajaa, yakatulia. Hayakwenda popote. Yalikaa pale nyuma ya nyumba yangu siku baada ya siku ukuta ukiyanywa, na ufa uliokuwa wa kuingiza kidole ukawa wa kuingiza mkono.

Na watu hawalali. Mtu akaenda kumwambia mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji, kwamba mke wa askari amejifungulia maji bila zamu na bila kuomba. Akaja na fimbo yake, uso umekunjamana, tayari kunitoza pombe ya ndizi ya faini. Akautazama mtaro wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu akacheka mpaka akashika mti.

"Mwanangu," akasema, "haya maji umeyakaribisha vizuri. Mbona hukuyawekea na kigoda?"

Nilitaka kulia. Alipoona sicheki akaacha mzaha, akanieleza kwamba mfereji nilioufanya ni wa kuleta maji, na sisi watu wa mlimani tangu babu na babu tunachojua ni kuyaleta. Kuyafukuza hakuna aliyewahi kuwa na haja nako, maana hakuna aliyewahi kukata mlima ajenge nyumba ya pembe nne. Akaniambia njia ni moja tu: yakatwe huko juu kabla hayajaingia uani, yateremshwe moja kwa moja chini, yapite kwenye kahawa ya shemeji yangu mpaka korongoni. Nimwombe.

Nikamwomba. Nilimkuta anapogoa kahawa yake. Hata hakugeuka. "Maji ya kwako yalale kwako," akasema. "Kahawa yangu si mto." Huyo ndiye shemeji niliyemjua. Mkubwa wa mume wangu kwa miaka mingi, mchoyo wa kivuli, mtu aliyewahi kugombana na mama yake mzazi kwa sababu ya mgomba ulioangukia upande wake. Nilirudi nikaegemeza ukuta kwa magogo, nikaomba masika yaishe. Yakaisha, nyumba imesimama kwa huruma ya Mungu na magogo.

Mtu huyo ndiye aliyeleta beleshi.

Kesho yake nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nikakuta vigingi. Vimepigwa kwenye uwanja wangu, vingine huko juu nyuma ya migomba, vimefungwa kamba kutoka kimoja hadi kingine. Nilisimama na mzigo kichwani nisiweze hata kuutua. Mlimani kwetu kigingi kilikuwa na habari yake. Mzungu akija mwaka huu na kigingi, mwakani anakuja na waya, mwaka wa tatu unasikia shamba lina mwenyewe na mwenyewe si wewe. Hata Bwana Shamba wa serikali alipokuja kutufundisha makinga maji watu walimsikiliza mchana, na alipoondoka waling'oa kila kijiti alichopiga. Na mimi nikang'oa. Nilivikusanya vyote nikavitia jikoni, vikaivisha maharage vizuri tu.

Shemeji alikuja, akatazama pale vilipokuwa, akanusa moshi. Nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni, maneno yamejipanga mdomoni. Hakusema kitu. Alikwenda akachonga vingine, akavipiga pale pale.

Hapo ndipo niliposhtuka. Angenitukana ningetulia, maana matusi ya shemeji nilikuwa nayajua na nilikuwa na yangu ya kumrudishia. Lakini mgomvi akinyamaza, ujue ameshapata anachokitaka au anajua atakipata.

"Shemeji, hivi ni vya nini?" nikamuuliza.

"Vya mtaro."

"Nani kakuomba mtaro?"

"Uliniomba mwaka jana."

"Na mwaka jana ulinijibu nini?"

Akainama, akakaza kamba. "Mwaka jana ulikuwa mwaka jana," akasema.

Siku ile ile mchana nikasikia sururu kule chini. Nikateremka nikamkuta anang'oa kahawa. Si mibuni iliyozeeka, bali ile inayozaa, iliyoshika maua, anaing'oa na mizizi, mmoja baada ya mwingine, kwa mstari ulionyooka kuelekea korongoni. Mtu aliyeninyima njia ya maji kwa ajili ya kahawa sasa anang'oa kahawa hiyo hiyo kwa mikono yake? Hakuna mchoyo anayetupa kitu bure. Anayetupa kahawa anajua atapata shamba zima la kahawa, na shamba la karibu lilikuwa la nani kama si langu?

Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa mlangoni kwa msonge wake anamenya ndizi.

"Mama, mwanao ana nini?"

"Amemkumbuka Mungu," akasema.

"Mungu ana haja gani na uwanja wangu?"

Alicheka, akaniambia moyo wangu una miiba. Lakini na yeye alikuwa ameona jambo. Mwanawe alikuwa na desturi ya kula kwake kila Jumapili wakitoka kanisani, na Jumapili iliyokuwa imepita alikuja, akagusa chakula, akasema ameshiba. "Mwanangu kushiba kwangu?" mama akasema. "Tangu azaliwe hajawahi." Aliona labda ni tumbo. Mimi niliona ni aibu, maana mtu anayetaka kumdhulumu mke wa mdogo wake hawezi kumeza chakula cha mama yao.

Kila asubuhi nilipita mpakani. Kwetu mpaka unawekwa kwa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo ukiyapanda hata mzee asiyeona anajua kwa vidole shamba la nani linaishia wapi. Niliyashika moja moja, nikaangalia kama udongo wa mguuni umeguswa. Haukuguswa. Hata shina moja halikusogea upana wa mkono. Basi hilo likanitia hofu zaidi. Mwizi anayeiba unamkamata. Asiyeiba utamkamata wapi?

Nikaamua kuchimba naye. Watu waliotuona walisema tazama, wamepatana. Hatukupatana. Nilitaka tu kuwa pale kila beleshi linapoinuka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua. Aliwahi kufanya kibarua cha barabara za serikali, na huko alijifunza kwamba maji lazima uyapangie safari yote kabla hujayaondoa mahali. Hakuanza kwangu. Alianza chini kabisa, korongoni, akachimba akipanda, ili mvua ikitukuta katikati ya kazi maji yasikose pa kutokea. Mimi nilikuwa nimeanza nyumbani, na ndiyo maana yalikwama. Alichukua ubao mrefu ulionyooka, akaulaza ndani ya mtaro, akaweka juu yake chupa iliyokaribia kujaa maji, imelala. Povu dogo la hewa likikaa katikati, akatikisa kichwa, akachimba tena. Likikimbilia upande wa juu, akasema haya. Huko juu nyuma ya migomba tulikata mtaro wa kukinga, ukapita kwa mshazari juu ya uwanja wote, udongo wake tukaushindilia upande wa chini uwe ukuta. Pale penye mteremko mkali aliweka mawe kwa ngazi, maji yashuke hatua kwa hatua yasichimbe. Mwishoni, korongoni, alipanga mawe makubwa na kupanda matete. Chini ya bati tulichimba mfereji mdogo mbali kidogo na ukuta, tukaujaza kokoto za mtoni.

Tulibishana lakini, tusingebishana ningeugua. Nilimwambia aupinde mtaro usiguse mgomba wangu mmoja, akasema maji hayapindi kwa ajili ya mgomba. Nikamwambia basi ukifika mpakani upite upande wako wa masale, wote, hata unyayo usiwe kwangu. Nilisema hivyo kwa makusudi nimwone atakavyoruka. Akasema sawa. Akausogeza upande wake, akang'oa mibuni mingine miwili ambayo haikuwa na haja ya kung'oka.

Udongo uliobaki hakuutupa. Aliubeba kwa karai mpaka uwanjani kwangu, akaumwaga, akaushindilia kwa gogo, juu kidogo mbele ya nyumba na chini kidogo kandoni, kila mahali. Nikamwuliza uwanja wote wa nini, si ukuta tu ulioharibika? Akasimama katikati, akatazama kutoka mlango wangu mpaka kwenye ghala, kutoka ghalani mpaka msonge wa mama.

"Hapa," akasema, "watu wakikaa vizuri, wanaweza kuenea wangapi?"

Hee. Nilikuwa nimeshika karai, nikalishusha polepole. Sasa nilikuwa nimemuelewa. Anataka kuwaita wazee wa ukoo. Anataka wakae pale pale uani kwangu, kwenye udongo wangu, pakavu, na viatu vyao visichafuke, wanihukumu. Mtaro, kahawa, mawe, vyote vilikuwa vya kuwaonyesha wazee: tazameni, mimi ndiye ninayelitunza shamba hili, mwanamke huyu hakuweza hata kufukuza maji. Na wazee wangesema kweli, basi uliangalie.

"Itategemea wanakuja kufanya nini," nikamjibu.

Akachukua gogo lake akaendelea kushindilia.

Tangu siku ile nikaanza kujiandaa. Ufa niliuziba kwa udongo na samadi na majivu, nikausawazisha mpaka usingejua ulikuwa wapi. Nikapaka nyumba chokaa ya mlimani, ule udongo mweupe tunaochimba bondeni, ukuta ukang'aa. Nilitaka waje waone nyumba ya mtu aliye hai na mwenye mke. Nikitwanga nilikuwa napanga maneno yangu. Nitasema mume wangu hajafa. Nitasema yeyote anayetaka shamba la askari angoje askari arudi amwombe usoni. Maneno yalikuwa makali na mazuri, na nilisikitika kwamba hapakuwa na wa kumsomea.

Kanisani Jumapili tulikuwa tunawaombea walio vitani. Mwinjilisti alikuwa akituita tulio na watu huko tusimame, nasi tunasimama, na waliokaa wanaitikia amina. Shemeji alikuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote zamani. Sasa alikuwa akiitikia kwa chini chini, na mimi nikiwa nimesimama na macho yamefumbwa nilikuwa natega sikio, nasema moyoni, umemsikia, hata amina inamshinda.

Masika yalituangukia mchana, wakati jiwe la mwisho limeshapangwa. Kwanza upepo, halafu mlima wote ukafunikwa, halafu ile mvua yetu ambayo huoni mkono wako. Mama alikuwa msongeni kwake. Mimi na shemeji tulisimama chini ya upenu wa nyumba yangu, tukitazama juu. Maji yakaja na njia ya ng'ombe, mekundu, yanabeba majani na vijiti, yanakuja pale pale yalipokuwa yakija siku zote. Nikashika nguzo. Yakafika kwenye mtaro wa kukinga, yakasita, yakageuka. Yakakimbia kwa mshazari nyuma ya migomba, yakaruka ngazi za mawe moja moja, yakapita kando ya masale, yakaingia pale palipokuwa na kahawa, yakaenda. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaweka kiganja kwenye ukuta. Mkavu. Uwanja ulilowa juu tu, na mvua ilipopungua maji yake machache yakateleza kandoni yakaisha.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi mpaka nikasahau kumshuku. Nilirudi kwenye upenu nacheka, nguo imeganda mwilini, nikamwambia, "Shemeji, sasa hata akirudi kesho, ataikuta imesimama."

Akakaa chini. Alikaa pale pale kwenye udongo wenye unyevu na suruali yake, akavua kofia.

"Shemeji," akasema. "Harudi."

Mvua ilikuwa imebaki ya manyunyu. Nilimsikia vizuri, lakini nilimwuliza kasema nini, na akarudia. Siku ile ya mjini aliitwa Boma, kwenye ofisi ya serikali. Walimwita kama mkubwa wa familia, wakamwambia kwa mdomo kwamba mdogo wake alifariki huko huko na alizikwa huko huko. Alipotoka nje alikuwa na fedha ya ndizi mfukoni na hakukumbuka alitaka kununua nini. Alitembea akajikuta amevuka daraja la Themi, anarudi nyumbani bila kitu. Ndipo alipokumbuka uwanja wangu. Akarudi mjini akanunua beleshi.

"Ukaninyamazia," nikasema.

"Ningesema nini? Ningesema siku ile, jioni yake mlima mzima ungekuwa hapa. Matanga yangekaa wapi? Kwenye tope? Na nyumba ilikuwa inaanguka, shemeji. Wazee wangekaa hapa kwenye msiba, wangeuona ule ufa, na wasingeondoka bila kusema uhamie kwangu. Unawajua." Akafuta uso kwa kofia. "Nilitaka wakija waikute imesimama."

Msinitarajie niwaambie kwamba nilimshukuru. Nilichota tope kando ya mtaro nikampiga nalo kifuani. Nikachota tena. Hakukwepa. Nilimwambia, kila Jumapili mimi nasimama namwombea mume wangu arudi salama, na wewe umekaa nyuma yangu unajua, na unaitikia amina. Unaitikia amina juu ya marehemu. Nilimwambia nilikuwa nikikushuku kwa shamba, kumbe ungeniibia shamba ingekuwa nafuu. Alikaa tu, tope likimteremka shati.

Niseme hapa nisije nikasahau: wazee walikuja. Walikaa uani siku za matanga, mvua ikinyesha na kuacha, waliitazama nyumba juu mpaka chini, na hakuna aliyetaja kuhama. Nimezeekea humo.

Lakini siku ile ya mvua hapakuwa na wazee bado. Nilipoishiwa na pumzi nikauliza, "Na mama?"

"Mama hajui."

Hapo ndipo msonge ulipofunguliwa. Mama mkwe alitoka ameinama, blanketi kichwani na fimbo mkononi, kwa ule mwendo wa mtu aliyezoea kuzama kwenye tope akitoka mlangoni masika. Aliweka fimbo chini. Haikuzama. Akaisogeza mbele, akagonga tena, akagonga huku na huku. Halafu akaweka mguu, halafu wa pili, akaja mpaka katikati ya uwanja bila kushikilia kitu. Alitutazama, mimi nimelowa na mwanawe amejaa tope, akafikiri tumefanya kazi.

"Pamekauka kweli," akasema. "Mwanangu ataingia hapa na viatu vyake vya jeshi na hatachafua."

Shemeji aliinua macho akanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Pamekauka."

Akasema basi leo atakaa nje kidogo, ameshachoka na moshi wa ndani, nimpe cha kukalia. Nikaingia nyumbani, nikamletea kigoda.